Rangi ya Ndege ya Kapteni Noah

Merigi,
9 Februari 2025

Kwa ndugu yangu Weldon,

Chamgei. Sisi huku tupo, ng'ombe wapo, na hata yule jogoo uliyesema hatafika Krismasi yupo, tena amenona. Mvua ndiyo imetuacha. Majani ya chai yamekuwa magumu kama ngozi, na juzi kwenye kituo cha kununulia nilirudishiwa nusu ya kikapu. Baba anakula vizuri na kulala vizuri. Daktari amemkataza sukari, kwa hivyo chai yake anainywa akinitazama kama mtu aliyeibiwa. Mkeo Janeffer unisalimie sana, mwambie ile sweta inanitosha.

Utashangaa kuandikiwa barua na mtu mwenye simu. Lakini unajua masikio yangu, ndiyo yaliyonistaafisha ualimu wa Kiswahili kabla ya wakati. Simu lazima niiweke kwenye spika, na nikiiweka kwenye spika anasikia Baba, anasikia jirani, anasikia na jirani wa jirani. Jambo hili ni la siri. Barua nimempa Mokeira, yule mama wa ndizi anayeuza kwenu Kapsoit Jumanne na hapa kwetu Alhamisi. Unijibu kupitia kwake.

Tarehe 17 Agosti tunasherehekea miaka themanini ya Baba. Kanisa limepanga ibada ya shukrani, na pasta anataka kusoma historia yake: kijana wa Merigi aliyetoka kuchunga ng'ombe akaenda kurusha ndege za kivita. Wewe uko mbali, umesahau, lakini hapa hakuna anayemwita Noah. Ni Kapteni tu. Hata karani wa majani humwandika Kapteni kwenye kitabu.

Nataka siku hiyo tumpe ndege yake. Ndogo, ya kuunganisha, kama zile ulizojaza kabatini mpaka Janeffer akakosa pa kuweka sahani. Nakuwekea nakala ya ile picha yake, amesimama nayo ameshika bawa. Utaweza?

Dada yako,
Chelangat


Kapsoit,
16 Machi 2025

Dada yangu mpendwa,

Chamgei mising. Barua yako ilifika ikiwa na utomvu wa ndizi. Mokeira ameniambia nimwombee msamaha kwako, alikaa nayo wiki mbili akidhani ni risiti. Sisi ni wazima. Janeffer ameingia kwaya ya akina mama na sasa hata akichota maji ni lazima nisikie sauti ya pili. Kiwandani ni kazi tu, boila inakula kuni kuliko vile ng'ombe inakula nyasi.

Ndege nimepata. Hizi vitu si rahisi kupata, kuna jamaa mmoja tu Nairobi anauza. Ilikuja kwa boksi, vipande mia moja na kitu, vyote rangi ya kijivu kama mifupa ya samaki. Nimelinganisha na picha, ni yenyewe kabisa: jeti ya viti viwili, marubani wanakaa bega kwa bega.

Nimeshaunganisha mwili na mabawa na nimesugua na msasa mpaka vidole havina alama. Sasa nataka kupaka rangi, halafu nibandike stika. Stika zenyewe si kama za daftari. Unaloweka kwa maji ya uvuguvugu, inateleza kutoka kwa karatasi, nyembamba kama ganda la kitunguu, na ukipumua vibaya imejikunja. Janeffer amenikataza meza ya chakula, kwa hivyo niko kwa stoo, kati ya mahindi na baiskeli.

Muulize Baba pole pole, asishuku. Ndege yake ilikuwa namba gani? Rangi ilikuwa kijani gani na kahawia gani? Na alikuwa anakaa kiti ya kulia ama ya kushoto? Nataka kumweka mtu mdogo ndani, awe yeye.

Ndugu yako,
Weldon


Merigi,
30 Machi 2025

Ndugu yangu,

Tumepata mvua ya siku nne, tunashukuru. Esnah wa jirani amejifungua msichana. Baba alimkaribisha mtoto kwa kumwambia atakuwa rubani.

Barua yako nakurudishia ikiwa imesahihishwa. "Hizi vitu" ni "vitu hivi." Kiti hakiwi "ya kulia." Na ng'ombe "anakula," si "inakula." Umepata kumi na mbili kwa ishirini, na mbili kati ya hizo ni za huruma.

Nilimuuliza tukiwa tunakunywa chai. Namba alinijibu kabla sijamaliza swali: 638. Halafu akaweka kikombe chini akaendelea bila kuulizwa. Kwamba tarakimu zilikuwa na urefu wa inchi kumi na nane, upana wa mstari inchi tatu, na kwamba nane isiwe na kiuno kama nyigu, iwe na tumbo juu na chini. Rangi akasema kijani ni cha jani la chai lililozeeka, lile mchumaji huliacha kichakani. Kahawia ni udongo wa barabara yetu mvua ikishakatika siku mbili. "Siku mbili, Chelangat. Siku moja bado ni nyekundu mno." Tumboni mwa ndege ni kijivu cha mursik, maziwa ya kibuyuni yaliyotiwa mkaa.

"Na ulikuwa unakaa kiti gani, Baba?"

"Kiti?"

"Ndani ya ndege. Cha kulia au cha kushoto?"

"Cha katikati," akasema. Akachukua kofia, akaenda kuangalia kama ng'ombe amekunywa maji. Ng'ombe alikuwa ametoka kunywa sasa hivi.

Mimi ningekushauri viti uviache vitupu. Usiniulize sababu.

Chelangat


Kapsoit,
27 Aprili 2025

Dada,

Natumaini hujambo, na nimesoma barua hii mara mbili kabla ya kuituma ili nipate hata kumi na nne. Huku baridi imeingia na mtoto wa mwisho ana kikohozi, lakini anaendelea vizuri.

Rangi imekaa. Kile kijani nilichanganya mara sita nikiwa nimeshika jani la chai mkononi, na udongo nilichukua kando ya barabara, nikangoja siku mbili kama mzee alivyosema. Dada, alisema ukweli. Siku moja ni nyekundu mno.

Balaa ni stika. Nilizibandika juu ya rangi, zikaonekana zimeshika. Kesho yake zilikuwa na weupe weupe chini, kama ngozi ya mtu aliyesahau mafuta. Hewa imeingia. Nikazing'oa mbili, zikapasuka. Ya tatu, ile duara yenye alama ya taifa, ikapotea kabisa. Nilitafuta stoo yote, nikapepeta na mahindi. Jumapili hiyo kwaya ya akina mama ikasimama kuimba, Janeffer akainua mkono kwenye ubeti wa pili, na nikaiona. Ilikuwa kwenye kiwiko chake. Nilimwambia baada ya ibada. Hajaongea nami tangu wakati huo isipokuwa kwa sauti ya pili.

Sasa, dada, wacha nikuulize jambo na usikasirike. Huyu rubani gani anajua upana wa mstari wa namba kwa inchi, lakini kiti alichokalia hakijui? Ndege ya viti viwili haina katikati. Katikati kuna vyuma.

Weldon


Merigi,
11 Mei 2025

Weldon,

Parua yako nimebata. Mimi dada yako Chelangat niko sawa sana. Mkono unaniuma kitogo, ndiyo maana mwantiko umepatilika, usijali.

Stika zimepeba hewa kwa sapapu ulipantika juu ya rangi isiyong'aa. Rangi hiyo ukiitazama karipu ina mashimo kama ukuta wa tope, na hewa inalala humo. Baka kwanza vanishi ya kung'aa, ngoja siku mpili. Chovya stika, tia tone la siki mahali inabokaa, telezesha na prashi, halafu kantamiza na kitampaa chenye unyevu kutoka katikati kwenda bembeni. Usiende kutoka bembeni kwenda katikati, utafunga hewa ndani. Ukimaliza yote, vanishi ya kufifisha, kwa sapapu ndege ya vita haing'ai kama sufuria ya harusi.

Mzee wetu ni mtu mzuri, tena ana akili nyingi. Usimsumpue na maswali ya viti.

Pia leta sukari kilo mpili. Umwampie Mokeira ampe Mzee mwenyewe mkononi, mimi nisisumpuliwe nayo.

Ni mimi dada yako wa kweli,
Chelangat


Kapsoit,
1 Juni 2025

Dada,

Habari za huko? Huku tuko salama, kikohozi kimeisha, na Janeffer ameanza tena kuongea nami, ingawa ni kuhusu meza tu.

Pole kwa mkono. Lakini imenishangaza. Miaka yote hii umekuwa ukinikata alama kwa kuandika "kiti ya," na sasa unaandika "parua" na hujaona. Tena tangu lini mwalimu wa Kiswahili anajua siri za vanishi? Nilifuata maneno yako moja kwa moja. Duara la pili limekaa juu ya bawa kama limezaliwa hapo. Hakuna weupe hata wa kichwa cha sindano.

Sukari nimetuma robo kilo, nikaogopa kutuma zaidi. Barua hii nimemwapisha Mokeira, asiiweke kwa mkono wa mtu mwingine yeyote ila wako. Nambie ukweli. Kuna nini?

Weldon


Merigi,
15 Juni 2025

Ndugu yangu Weldon,

Mimi mzima, mkono wangu mzima, na sijakuandikia barua yoyote mwezi wa Mei.

Nimemuuliza Mokeira. Barua yako ya Aprili alimpa Baba langoni, kwa sababu Baba alinunua kwake ndizi mbili akamwambia Kapteni anaruhusiwa kupokea barua za nyumba nzima. Sukari nimeikuta kwenye mfuko wa koti lake la kanisani, imefungwa ndani ya soksi, pamoja na barua yako hiyo. Sijamwambia kitu. Yeye anajua siri yetu, mimi najua kwamba anajua, na kila jioni tunasalimiana kama watu wasiojua chochote.

Uliuliza swali mwezi wa Aprili. Nitakujibu mara moja tu. Mama aliniambia mwaka wa 2009, wiki ile ya mwisho hospitalini. "Baba yako hakurusha ndege. Alizipaka rangi. Mwache." Basi. Nikamwacha. Miaka kumi na sita nimesikia akisimulia jinsi mawingu ya Mlima Kenya yalivyo laini kutoka juu, na nimekuwa nikimwongezea chai.

Nisingekuandikia haya kama si pasta. Amefanya bidii, maskini, ametafuta mtu wa kutoa ushuhuda. Amempata Meja mstaafu Ombui, rubani wa kweli, anayeishi shambani kwake Fort Ternan. Atakuja tarehe 17 Agosti kusimama mbele ya kanisa zima na kuzungumza kuhusu "rubani mwenzake." Pasta amefurahi mpaka analia.

Weldon, fanya kitu. Wewe ndiye uliyekuwa ukitoroka shule na kurudi na barua ya daktari.

Chelangat


Kapsoit,
6 Julai 2025

Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la mahindi, na nilikaa hapo sana. Sikukasirika. Nilitazama ile ndege, nikatazama kijani, nikaona nilikuwa nimeshajua tangu siku ya udongo. Mtu anayekaa juu mawinguni hajali kama udongo ni wa siku moja au mbili.

Jumamosi nikachukua boda mpaka Fort Ternan. Meja Ombui nilimkuta kwa miwa yake, amevaa gumbuti na kofia ya kijeshi iliyofifia. Mtu mrefu, mnyoofu, anaongea kama anayetoa amri hata akikukaribisha uji. Nikamwambia mimi ni mtoto wa yule mzee wa Merigi.

"Ibada ya Agosti. Nitakuja."

"Meja, nimekuja kukuomba usije."

"Kwa nini?"

Nikashindwa. Nikasema, "Tungependa uugue."

Akaniangalia. "Niugue nini?"

"Malaria tu. Kidogo."

"Kijana, nina miaka sabini na mitano. Mimi malaria kidogo inanizika. Huyo baba yako anaitwa nani? Pasta aliniambia Kapteni tu."

Nikamwambia, Noah arap Sigei. Dada, yule mzee akachukua panga. Akakata muwa mmoja, akaumenya wote mpaka mwisho bila kuula. Halafu akauliza, "Huyo Noah amewahi kuwaambia lolote juu yangu?"

Nikasema hapana.

"Hata neno?"

"Hata neno."

Akasema atakuja, hata kama ni kwa miguu. Akanifungia miwa minne nikuletee. Sikuelewa chochote, na nikimuuliza zaidi alikuwa ananionyesha mtaro wa maji.

Nimejaribu. Ndege imebaki namba tu. Ninaogopa kuibandika, stika ya 638 ni ya mwisho niliyo nayo.

Weldon


Merigi,
20 Julai 2025

Ndugu yangu,

Asante kwa miwa, meno yangu hayashukuru. Esnah anakusalimia, mtoto wake ameanza kucheka.

Mambo yamelipuka. Jana pasta alikuja kunywa chai, akashindwa kufunga mdomo, akamwambia Baba kuhusu Meja Ombui. Baba akaweka kikombe chini. Pasta alipotoka, Baba akaniambia anasikia baridi kwenye mifupa na kwamba huenda mwezi wa Agosti asiwe na nguvu.

"Utaugua nini?" nikamuuliza.

"Malaria labda. Kidogo."

Weldon, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilicheka kwa sauti ya mtu asiyesikia, wakaja majirani. Walipoondoka nikamletea sukari yake ndani ya soksi, nikaiweka mezani, nikatia vijiko viwili kwenye kikombe chake. Nikamwambia, "Kunywa, wewe mpaka rangi wa ndege."

Hakukasirika. Alikoroga chai kwa muda mrefu, akauliza, "Mama yako alikwambia lini?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu anayepiga hesabu ya miaka. Akasema, "Na chai ulikuwa unaniongezea." Mimi nikaenda kuangalia ng'ombe.

Niliporudi alikuwa amevaa koti. Anasema namba 638 isibandikwe na mtu yeyote mpaka afike. Nimemweka na Mokeira, pamoja na ndizi. Ukipokea, angalia kama yuko mzima na umpe viatu vikavu. Kuhusu tarehe 17 hajasema atafanya nini, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Chelangat


Kapsoit,
3 Agosti 2025

Dada,

Mzigo ulifika salama, ukiwa umekula ndizi tano njiani. Janeffer amempa chumba cha watoto na meza ya chakula. Meza ya chakula, dada! Mimi miezi mitano stoo.

Siku ya kwanza aliizunguka ndege bila kuigusa. Akasema kijani ni sawa. Kahawia ni sawa. Tumboni akaweka pua karibu kama anayenusa. "Mursik wa jana," akasema. "Nilitaka wa leo. Lakini nitakusamehe." Halafu akaona stika ya namba kwenye karatasi yake, akaishika kwa ncha ya kisu, akaitupa ndani ya jiko.

Nilipiga kelele. Ilikuwa ya mwisho.

"Namba hatukubandika," akasema. "Namba tulipaka."

Akaniomba tepu ile ya karatasi wapaka rangi wanayozibia kingo, wembe mpya, na brashi yenye nywele chache. Akabandika tepu juu ya kipande cha kioo, akakata 638 ndogo kuliko ukucha wangu. Unajua mikono yake inavyotetemeka, hata chai inamwagika kabla haijafika mdomoni. Nilifumba macho. Nilipofumbua, wembe ulikuwa unakwenda, na mkono ulikuwa umetulia, dada, umetulia kama mkono wa mtu mwingine. Ulipoinuka kutoka kwa kioo ukaanza kutetemeka tena.

Akahamisha tepu kwenye ubavu wa ndege, akagusa rangi nyeusi kidogo kidogo, brashi karibu kavu, kutoka kingo kwenda ndani. Alikuwa na brashi nyingine mdomoni kama msumari wa fundi viatu. Ilipokauka akang'oa tepu, na nane ilikuwa na tumbo juu na chini. Kisha akanifundisha kupitisha rangi nyeusi iliyozimuliwa maji kwenye mistari ya mabati, na kuifuta, ibaki tu pale mabati yanapokutana, ili ndege ionekane imefanya kazi. "Ndege safi ni ya duka," akasema.

Nilimuuliza ilianzaje. Akasema siku ya posa, babu yetu wa upande wa Mama alimuuliza anafanya nini na ndege za serikali. Akajibu, "Bila mimi hazipai." Ni kweli, ndege bila namba hairuhusiwi kutoka kwa banda. Lakini babu akasikia rubani, akaita watu, wakaleta pombe, na Mama alikuwa anachungulia mlangoni. "Ungekuwa wewe ungemsahihisha?" akaniuliza.

Ya tarehe 17 hataki kuyataja. Nikianza anauliza habari za boila. Na boila yenyewe ndiyo imeniangusha, zamu yangu siku hiyo imekosa mtu. Janeffer atamleta, na ndege kwenye boksi ya keki. Uniandikie kila kitu. Usiruke hata neno.

Weldon


Merigi,
24 Agosti 2025

Ndugu yangu Weldon,

Sisi wazima, na nyumba bado ina harufu ya pilau. Barua yako ya mwisho imepata kumi na tisa. Moja nimekata kwa sababu ya "boksi ya keki."

Nilikaa kiti cha mbele kabisa ili nisikie. Kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye nyasi. Meja Ombui alikuja na suti na medali, akakaa upande wa kulia. Baba akakaa upande wa kushoto. Ndege tuliiweka mezani katikati, juu ya kitambaa cheupe. Hawakusalimiana. Walitazamana mara moja, halafu kila mmoja akaanza kusoma kitabu cha nyimbo, na cha Baba kilikuwa juu chini.

Pasta alisoma historia. Alisema "rubani wetu" mara nne, nilihesabu. Alipofika kumwita Meja, Baba akasimama. Hakuitwa. Akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Mimi sikurusha ndege," akasema. "Hata moja. Nilikuwa mpaka rangi. Siku ya posa niliulizwa swali, nikajibu nusu, na nusu ile nyingine nimekaa nayo miaka hamsini na sita. Mnisamehe. Mawingu niliyowasimulia niliambiwa na wengine."

Weldon, nimewahi kuwa kiziwi mahali pengi, lakini ukimya ule kila mtu aliusikia. Mama mmoja wa kwaya akaguna, akajifunika kitabu. Pasta alishika karatasi yake kama mtu aliyeshika jivu. Baba alibaki amesimama, hakujua arudi kukaa au atoke nje.

Ndipo Meja akasimama.

"Nami nina langu," akasema. "Mwaka wa sabini na sita, nikiwa kijana mwenye kiburi, nilikuwa naitoa ndege bandani nikaikwaruza bawa kwenye ngazi ya lori la mafuta. Fundi aliikagua akasema chuma ni kizima, ni rangi tu iliyotoka, urefu wa mkono. Lakini mkuu alikuwa anakuja kukagua saa nne, na cheo changu kilikuwa kwenye meza yake. Huyu mtu aliipaka kwa saa moja na nusu. Alipomaliza akaikausha kwa kuipepea na kofia yake, akipiga mluzi. Mkuu aliweka mkono pale pale, hakuona. Nilipata cheo. Sikumshukuru, kwa sababu kumshukuru kungekuwa kukubali. Na yeye hakusema, hata kwa mtoto wake." Akageuka kwa Baba. "Noah, mwanao alipokuja kuniomba niugue, nilijua ni njama yako. Nilijua unataka kunianika hapa mbele ya watu mimi nisiwepo. Nimekuja kujitetea. Nimeandika kurasa tatu."

Akazitoa mfukoni, akazionyesha kanisa. Kurasa tatu, pande zote mbili.

Baba akasema kwenye maikrofoni, "Hata mimi nilitaka kuugua."

Hapo paa likapasuka. Yule mama wa kwaya alilia kwa kucheka, pasta akacheka, wale wa kwenye nyasi wakacheka kabla hawajaambiwa ni nini. Na mwisho wakaimba, ingawa sijui wimbo gani, kila mtu alikuwa na wake. Usidhani jina limebadilika. Jumatatu karani wa majani aliniuliza Kapteni ameamkaje.

Baada ya chakula wazee wawili walikaa kwenye benchi nje na ndege katikati yao. Nilikuwa nakusanya vikombe hapo karibu, polepole sana. Baba alikuwa anaitazama namba.

"Meja, nikuulize kitu. Ukiwa juu kule, namba ilikuwa inaonekana?"

"Haionekani, Noah. Iko nyuma yako, ubavuni. Rubani haioni kamwe."

Baba akaigeuza ndege kidogo, jua likapiga ile nane.

"Basi mlikuwa mnapanda kitu kizuri namna hii," akasema, "na hamjui."

Meja alinyoosha mkono, akaomba aishike. Baba akamwambia kwanza akanawe.

Dada yako,
Chelangat